Mzee Tulia na Mashine Isiyosubiri

Katika saluni ya Mzee Tulia viti vya kunyolea havikuelekea kioo, vilielekea televisheni. Kioo kilikuwepo, kikubwa tu, lakini kilibandikwa ukuta wa pembeni, na mteja alikiona pale anaposimama kuondoka, akageuza shingo huku na huku na kusema, "Eh, Mzee, umenitoa." Kabla ya hapo macho yake yote yalikuwa kwenye gemu. Kitambaa kimemfunika mpaka magotini, pedi ya kuchezea iko mkononi, na vidole gumba vinapigana kwa chini kama panya wawili waliofungiwa ndani ya soksi.

Viti vilikuwa viwili. Cha mbele, karibu na mlango, kilikuwa cha Mzee Tulia mwenyewe. Cha ndani kilikuwa cha binti yake wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda. Mteja wa mbele alicheza na mteja wa ndani, mpira au magari, na hakuna aliyeruhusiwa kusimamisha mchezo katikati. Sheria hiyo ndiyo iliyojaza benchi. Ukisimamisha, umefungwa bao moja, na bao hilo halina rufaa hata kama aliyekupigia simu ni mama yako mzazi.

Sasa jiulize, mtu anayecheza unamnyoaje kwa wembe? Kichwa cha mchezaji hakina adabu. Akishambulia kinainama, akikosa goli kinarushwa nyuma, akipiga kona kinaegemea kona. Vinyozi wengine wa mtaa ule walijaribu wakashindwa. Mmoja alimwachia mteja nusu ya nyusi, na wiki hiyo hiyo akahama. Kitinda mwenyewe alichonga mistari kwa mashine ndogo ya umeme, ambayo ikiteleza inaacha mstari mbovu tu. Baba yake peke yake ndiye aliyeshika wembe, na kwa miaka minane hakuwahi kumtoa mtu damu. Walipomuuliza siri alijibu, "Mkono tu, wanangu. Mkono."

Haukuwa mkono tu. Ilikuwa kulodi.

Ile mashine ya zamani ya gemu, kabla ya kukupa mpira, ilikuwa inakaa kwanza. Unachagua timu, unabonyeza, skrini inakuwa nyeusi, na kiduara cheupe kinaanza kuzunguka. Hapo mchezaji anageuka sanamu. Shingo inakaza, mdomo unalegea, kope zenyewe zinasahau kazi. Mzee Tulia alikuwa amesimama nyuma tayari, wembe hewani, akingoja kiduara kama mkimbiaji anavyongoja filimbi. Kikitokea tu, anashuka. Alihesabu mapito ya wembe kimoyomoyo, pito moja moja. Gemu ya mpira ilimpa mapito arobaini na moja, akamaliza paji lote la uso na panja la kushoto. Ya magari ilimpa karibu sabini, na hapo kisogo na nyuma ya masikio yote mawili viliisha. Akikuona una nywele nyingi za shingoni alikuambia, "Leo cheza magari, mwanangu, mpira utakuchosha." Vijana walicheka, wakidhani mzee wa watu anapenda magari.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo vijana hawakulijua. Miaka mitatu nyuma Mzee alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alipotoka hospitali mkewe na Kitinda walimkalisha sebuleni, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama askari.

"Baba, inatosha sasa," Kitinda alisema. "Pumzika."

"Nipumzike nimebeba nini?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akawapa neno lake mwenyewe, bila kulazimishwa. "Siku nitakayomtoa mtu damu, hata tone moja, kiti naacha, nakuja kukaa nyumbani. Sitabishana." Mkewe akasema, "Tumesikia." Na jinsi alivyolisema hilo "tumesikia", Mzee akajua ahadi yake imeingizwa kabatini na ufunguo umefichwa.

Basi mtu mwenye ahadi kama ile, ukimletea mashine ya gemu isiyolodi, umemletea nini?

Aliyeileta alikuwa Fundi, kijana wa kutengeneza televisheni na redio, mrefu, mpole kupita kiasi, anayefuta viatu mara mbili mlangoni hata kukiwa hakuna tope. Wazee wake walikuwa wanakuja Jumamosi ile kuzungumza habari za Kitinda. Mzee Tulia hakuwa na neno baya juu yake, na hilo ndilo lililomkera. Mtu asiye na baya hata moja lazima kuna mahali ameliweka.

Alikuja Jumatatu asubuhi na boksi jeupe kifuani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umebeba nini, jeneza la paka?"

"Zawadi ya saluni, Baba. Mashine mpya ya gemu. Ile ya zamani imechoka."

"Imekuambia imechoka?"

Fundi akacheka kidogo, akamtazama Kitinda, na Kitinda akatazama chini. Mzee akaliona lile jicho. Akaliweka moyoni.

Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa Domo, muuza viatu wa duka la pili, ambaye jina hilo alipewa kwa haki kabisa. Waya zikachomekwa. Gemu za ile mashine ya zamani zikahamishiwa ndani ya mpya. Domo akachagua timu yake, mteja wa Kitinda akachagua yake, Mzee akachukua wembe mpya na kujiweka sawa. Skrini ikawa nyeusi. Akashuka. Moja, mbili, tatu, nne, na filimbi ya mpira ikalia. Domo akarusha kichwa mbele kama anayepiga chafya.

Wembe ulikuwa umeshaachana na ngozi, kwa bahati tu, kwa upana wa unywele mmoja. Mzee alihisi jasho likimtoka katikati ya mgongo.

"Imeruka," alisema.

"Nini imeruka, Mzee?" Domo akauliza bila kugeuka.

"Mashine hii. Haijalodi yote. Hebu hesabu wachezaji wako."

Domo akahesabu kwa kidole kimoja huku kingine kinacheza. "Kumi na mmoja, Mzee. Na kipa yumo."

"Na mashabiki?"

"Mzee, mashabiki nitawahesabu mpaka lini?"

Saluni nzima ikacheka. Mzee akafunga wembe, akamvuta Fundi mpaka kwenye beseni la kunawia. "Kijana, nieleze. Kitu kilichokuwa kinachukua muda ule, leo kinachukua chafya moja. Muda umeenda wapi?"

Fundi alifurahi kuulizwa. Akaeleza kwamba ndani ya ile ya zamani mlikuwa na sahani inayozunguka na kijisindano kinachokwenda na kurudi juu yake kutafuta vitu: uwanja uko huku, jezi ziko kule, sauti za mashabiki ziko pembeni kabisa. "Ni kama wewe, Baba, vitana vyako vyote uviweke kwenye droo moja yenye giza, halafu uingize mkono mmoja kutafuta. Hii mpya haina sahani wala sindano. Hakuna kinachozunguka. Vitana vyote vimetundikwa ukutani mbele yako, unachukua vitano kwa mpigo. Halafu vitu vinawekwa vimekunjwa, na kuna chipu ya peke yake ya kuvikunjua, kwa hiyo ule ubongo mkubwa hausumbuliwi."

"Mh."

"Na zamani, Baba, watengenezaji walikuwa wanauficha ule muda wa kungoja. Kwenye gemu za mapigano utaona mtu anaingia kwenye lifti, lifti inapanda pole pole. Au anapita kwenye upenyo mwembamba, anajibana ubavu ubavu. Wewe unadhani ni mchezo, kumbe mashine inatafuta vitu vya chumba kinachofuata."

Mzee Tulia akamkazia macho. "Yaani walikuwa na shughuli yao, wanaifanyia pale mtu anapongoja, na mwenyewe hajui?"

"Ndiyo, Baba. Anayecheza hagundui. Labda anayetazama kwa pembeni."

Kijana huyu anasema nini? Mzee aliyageuza maneno yale siku nzima, akayakuta yana upande wa chini. Anayetazama kwa pembeni. Na nani alikuwa akija pale kila mara, akaegemea mlango, hanyolewi, hachezi, anatazama tu?

Hesabu yake ikaanza kukaa sawa. Fundi anamtaka Kitinda. Kitinda anataka baba apumzike. Baba hawezi kuondolewa kitini mpaka amtoe mtu damu. Basi ukimwondolea kulodi, utangoja siku ngapi?

Jumanne alinyoa kwa mashine ya umeme peke yake, na kila mteja alipouliza mstari alimwambia, "Tumalizie kesho, ngozi yako leo imechoka." Watu watatu walitoka na pindo za nywele kama shamba lililoliwa na mbuzi. Domo alijitazama kwenye kioo cha pembeni muda mrefu.

"Mzee, ngozi inachokaje? Imefanya kazi gani?"

"Imebeba huo mdomo."

Mchana wa siku ile alimsikia Kitinda nje, simu sikioni, akisema kwa sauti ya chini, "Bado hajasema kitu. Mwache, atazoea tu." Alipoingia ndani akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Jumatano, Kitinda alipokwenda kununua poda, Mzee aliita msaada. Upande wa pili wa barabara alikuwepo mama mmoja wa kutengeneza simu, miwani mbili kichwani na moja machoni, watu wakimwita Mama Simu. Mzee alimleta hadi mbele ya ile mashine nyeupe kama mtu anayemleta daktari kwa siri.

"Nataka iwe inachelewa."

Mama Simu alishusha miwani. "Rudia, kaka yangu."

"Kidogo tu. Ilodi kama zamani."

"Tangu nianze kazi hii, watu wananijia niwaongezee kasi. Wewe wa kwanza kuniomba breki." Alicheka mpaka akashika meza. Lakini kazi aliijua. Akauliza kama ile diski ya nje ya zamani bado ipo, ile waliyokuwa wanawekea gemu mashine ilipojaa. Ilikuwepo, chini ya sinki, imevaa vumbi. Mama Simu akaichomeka kwa waya nyuma ya mashine, akahamishia gemu ya mpira na ya magari huko. "Gemu hizi ni za zamani, kwa hiyo zinakubali kuchezwa kutoka nje," alisema. "Gemu mpya kabisa zingekataa, zinataka kukaa ndani. Sasa mashine itakuwa inasubiri sahani izunguke. Haitakuwa kama mwanzo, lakini utapata kitu."

Alipata mapito ishirini na mawili. Si haba. Jioni ile alichonga vichwa vinne kwa wembe, na kila kiduara kilipotokea alijisikia kama mtu aliyerudishiwa miguu yake. Mteja mmoja alilalamika, "Mbona leo inavuta?" Mzee akamwambia, "Mashine mpya hizi, mwanangu, hazina afya."

Alhamisi asubuhi akashuka na wembe kwenye panja la mteja wa kwanza, akafika pito la nne, na filimbi ikalia.

Alisimama pale na wembe hewani. Diski ya nje ilikuwa mahali pake, taa yake inawaka, lakini gemu hazikuwa ndani yake. Mtu amezirudisha. Mtu aliyeingia saluni baada yake jioni, au kabla yake asubuhi. Funguo zilikuwa mbili tu duniani. Yake, na ya Kitinda.

Mtu akikupangia jambo, ukipiga kelele unamwonyesha umefika wapi. Badala yake Kitinda alipotoka akamwita Mama Simu tena kwa ishara ya mkono, akazihamisha tena, na kabla ya kufunga saluni aliinyunyizia ile diski poda nyeupe juu yake yote, laini, kama anavyowapaka wateja shingoni. Atakayeigusa, vidole vitamsema.

Ijumaa asubuhi gemu zilikuwa zimerudi ndani, na poda ilikuwa na alama za vidole vitatu. Mzee akajikohoza.

"Kitinda, nionyeshe mikono."

Kitinda akanyoosha mikono. Ilikuwa na poda mpaka kwenye viwiko. Domo, aliyekuwa benchini, alikuwa na poda shingoni na kwenye kola. Mzee alijitazama mwenyewe, akakuta ana poda kwenye suruali, kwenye viatu, na alipojigusa pua akaikuta na huko. Miaka yote ile ndani ya saluni, na mtego aliouona unafaa ni poda.

"Mikono imefanya nini, Baba?"

"Kucha zimekua," alisema.

Saa tisa alasiri Fundi akaja. Alifuta viatu, mara mbili. Lakini leo hakuegemea mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele akakaa.

"Shikamoo, Baba. Kesho wazee wanakuja. Naomba unitengeneze."

"Kwa mashine?"

"Kwa wembe, Baba, kama wanavyonyolewa wote."

Saluni ilikuwa na watu sita, na wote walikuwa wakitazama. Kusema ngozi yake imechoka kusingewezekana, ngozi ya Fundi iling'aa kama sahani. Mzee alimfunga kitambaa, akakikaza kidogo kuliko ilivyo lazima. Akawaza: kumbe ndivyo mlivyopanga. Kijana mwenyewe anajileta, anakaa, anarusha kichwa mara moja tu, tone linatoka, kesho wazee wake wanakaribishwa na mtu aliyekwisha kukabidhi kiti. Akachana karatasi ya wembe mpya.

Domo alikaa kiti cha ndani kwa Kitinda, pedi mkononi, mdomo tayari. "Fundi, mashine umeleta wewe, leo utajuta kuileta!"

Nywele zikapunguzwa. Ikabaki mistari. Skrini ikawa nyeusi, mapito manne, filimbi. Mzee akauondoa wembe upesi na kungoja kichwa kiruke.

Hakikuruka.

Domo akashambulia. Fundi akafungwa. Kichwa hakikusogea. Domo akaruka kitini mpaka Kitinda akamkemea, "Kaa chini, nitakutoa sikio!" Fundi akafungwa la pili, na shingo yake ilikuwa imekaa pale pale, imekaza. Vidole gumba tu vilikuwa vinacheza, tena vibaya. Mzee alishusha wembe pole pole, mpira ukiwa unachezwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Pito la kwanza. La pili. La kumi. Fundi alikuwa anacheza kwa macho na vidole tu, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

"Tatu bila!" Domo akapiga kelele. "Fundi, umelala? Mlinde hata kipa wako, masikini, ana watoto!"

Mzee alimaliza paji la uso. Akamaliza panja la kushoto. Kadiri alivyoendelea ndivyo shaka ilivyomkaba. Kijana huyu hakuja kurusha kichwa. Kaja kukishikilia. Na mtu hashikilii kichwa hivi, afungwe mabao mbele ya mchumba wake, bila kujua kwa nini anakishikilia.

Akainama karibu na sikio. Televisheni ilikuwa inapiga kelele, hakuna aliyeweza kusikia.

"Nani kakuambia?"

Fundi akajibu bila kutikisa hata taya. "Nimejua leo tu, Baba. Naapa. Ningejua mapema nisingeileta."

"Na gemu zangu nani anazirudisha?"

"Kitinda. Alidhani wateja wanachezea mitambo, akawa anazirudisha kila asubuhi. Leo asubuhi nikamwambia haziwezi kujihamisha zenyewe, kuna mtu anayetaka zichelewe. Halafu akanieleza."

"Alikueleza nini?"

"Kwamba alipokuwa anajifunza kazi, alikuwa anahesabu pamoja na wewe, kimoyomoyo, akadhani siku hizi mkono wako hauhitaji tena kungoja. Arobaini na moja."

Namba ile Mzee Tulia hakuwahi kuitamka mbele ya mtu. Hakumwambia mkewe, hakumwambia daktari wa macho. Kuisikia ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, chini ya wembe wake mwenyewe, ilikuwa kama kusukumwa kiwiko. Mkono ukashtuka. Nyuma ya sikio la kulia, kwenye ngozi ile inayong'aa, kikatokea kijistari cha urefu wa punje ya mchele, cheupe kwanza, halafu tone moja jekundu likachungulia.

Fundi hakupiga yowe. Hakusema hata "sss". Mkono wake ulitoka chini ya kitambaa taratibu, ukachukua ncha ya taulo lililokuwa begani, ukaifikisha nyuma ya sikio na kuibana pale, kama mtu anayejikuna. Mkono mwingine uliendelea kucheza.

"Hakuna kitu, Baba," alisema kwa chini. "Endelea."

Hakuna aliyeona. Domo alikuwa anashangilia bao la tano. Kitinda alikuwa anamrudisha Domo kitini. Mzee Tulia alisimama na wembe wake, na kwa muda mfupi dunia yote ilikuwa nyuma ya sikio moja.

Alijua angeweza kuendelea. Tone lingekauka. Kiti kingebaki chake mwaka huu, na mwaka kesho. Alichotakiwa ni kukubali tu kwamba kijana huyu mpole, mfuta viatu, sasa ana kitu chake mfukoni. Leo hatasema. Kesho, wazee wakiwa wamekaa, hatasema. Siku Kitinda atakaporudi nyumbani analia, mzee akataka kumwita mkwewe na kumuuliza, mkwe atakuja, atafuta viatu, atamtazama kwa upole ule ule na hatasema. Na mzee ataanza kupima maneno yake mbele ya mtoto wa mwenzake, kwa ajili ya tone moja.

Akachukua kidude cha televisheni, akazima sauti. Watu wote wakageuka.

"Nimemkata," alisema.

Kitinda akaacha kila kitu akaja, akaondoa taulo, akatazama. Watu wa benchini wakajaa nyuma ya kiti cha mbele wakisukumana.

"Hicho ni kipele," Domo akasema, pedi bado mkononi. "Kipele kimepasuka chenyewe. Jamani, hii si ya kuhesabiwa. Tuangalie marudio!"

"Kweli, ni kipele," mwingine akadakia. "Hata mimi nilikuwa nacho pale pale."

"Ulikuwa nacho kwenye sikio la Fundi?"

"Pale pale kwangu, bwana."

"Baba, inaweza kuwa kipele," Kitinda akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na Mzee, ambaye wiki nzima alikuwa na hakika kwamba binti yake anaingoja siku hii, hakujua ayaweke wapi macho yale.

"Damu ni damu," alisema. "Nilisema tone moja. Mama yako alisikia." Akapaka spiriti kwenye pamba, akaikandamiza kwenye kidonda, na hapo ndipo Fundi alipotoa "sss" yake ya kwanza. Mzee akaupangusa wembe, akaushika kwa upande wa kukata na kumwelekezea binti yake mpini. "Imebaki panja la kulia. Malizia."

"Mimi wembe siujui, Baba."

"Hesabu unaijua. Mkono utafuata. Na huyu kichwa chake hakisogei, nimekipima."

Kitinda akauchukua. Mzee akavua koti lake la kazi, akalikunja mara nne, akakaa benchini kati ya watu. Hakuwahi kukaa pale tangu saluni ifunguliwe. Kutoka benchini kinyozi wa mbele alionekana mzima, kuanzia kisigino mpaka kidole, na televisheni ilionekana juu ya bega lake. Mkono wenye wembe na skrini vilikuwa kwenye mstari mmoja wa macho. Mtu aliyekaa hapo, hata kama ni mjinga, hata kama anasinzia, angeona mkono unashuka pale tu kiduara kinapozunguka. Miaka minane. Benchi limejaa kila siku.

Alimgeukia Domo, ambaye alikuwa ameacha kiti cha ndani na kuhamia pembeni yake.

"Wewe ulijua?"

"Nini, Mzee?"

"Unajua ninachouliza."

"Mimi sijui kitu, Mzee. Mimi nauza viatu." Akatazama televisheni, ambayo ilikuwa bado haina sauti na haionyeshi mchezo wowote.

Mzee hakumwamini hata kidogo. Aliwatazama wale wengine mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alikumbuka jambo la kufanya na simu yake.

Kitinda alichukua muda mrefu. Alimaliza. Mstari wake uliyumba kidogo karibu na nyusi, lakini haukutoa damu. Fundi akasimama, hakwenda kwenye kioo. Akaja benchini, akachuchumaa mbele ya Mzee, pamba bado imebana nyuma ya sikio.

"Baba, kwa nini umesema? Mimi nisingemwambia mtu. Mpaka nazikwa."

"Najua," Mzee Tulia akamjibu. "Hilo ndilo lililonitisha."

Fundi akainamisha kichwa.

"Wazee wako wanakuja saa ngapi kesho?"

"Tulisema saa nne, Baba. Kwa ajili ya kazi yako ya asubuhi."

"Waambie waje hata saa mbili," Mzee akasema, akiliweka koti chini ya kwapa na kutafuta mlango. "Niko nyumbani."